Nyama choma ya siku ya kuzaliwa, na mtoto asiyekula karanga wala mayai

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Mwanangu anatimiza miaka saba mwezi ujao, na tumemwahidi kuchoma nyama hapa nyumbani uani, waje wenzake wa shule na binamu zake. Ana aleji ya karanga na mayai. Mwaka juzi alipewa kashata na mwenzake, akavimba midomo, akatapika, kifua kikambana, tukamkimbiza hospitali. Mtoto wa mdogo wangu naye hatakiwi kugusa maziwa. Mama mkwe anasema tunawadekeza, wakionjeshwa kidogo kidogo watazoea. Niwapikie nini watoto kama ishirini, na nifanyeje ili huyu wangu asikae pembeni na kisahani chake?" – Mama wa Mbezi, Dar es Salaam

Jibu:

Mama wa Mbezi, nianze na hilo la kisahani. Usimtengee. Pika chakula kimoja ambacho watoto wote ishirini watakila, kisicho na karanga, mayai wala maziwa hata chembe, na wala hawatagundua kwamba kuna kitu kimekosekana. Ungekuwa unaandaa hafla ya keki za krimu na sambusa ningekuonea huruma. Kwa nyama choma una bahati, kwa sababu uchomaji wetu wa tangu zamani ni nyama, chumvi na moto basi, ndimu na pilipili vinakuja mezani. Matatizo yameletwa na chupa za sosi, viungo vya pakiti, soseji na mayonezi.

Tena kisahani cha pembeni si salama kama kinavyoonekana. Watoto ishirini wakishaanza kukimbizana, sahani zinabadilishana mikono, mmoja anachovya kidole kwa mwenzake, mwingine anamega na kurudisha. Chakula salama kilichozungukwa na chakula hatari hakikai salama kwa zaidi ya nusu saa.

Sasa nyama. Kwa watoto ishirini na wakubwa watakaowasindikiza, kilo nne za steki ya ng'ombe zinatosha mishikaki. Kata vipande vidogo, watoto hawana subira ya kutafuna. Saga tangawizi na kitunguu saumu, kamulia ndimu, tia chumvi, bizari nyembamba iliyosagwa na mafuta ya alizeti. Cha kulainishia tumia papai bichi lililokunwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kila kilo, na usilaze usiku kucha: saa moja hadi mbili tu, la sivyo nyama inalainika mpaka inakatika kwenye kijiti. Nasisitiza papai kwa sababu siku hizi wengi wanalainisha kwa mtindi, na hapo ndipo mtoto wa mdogo wako atakaponaswa. Mtindi ni maziwa. Kuganda hakuondoi ile protini inayomdhuru. Na kama kuna ndugu atakayependekeza maziwa ya mbuzi badala ya ya ng'ombe, mkatalie kwa upole: protini zake zinafanana mno, na watoto wengi sana wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia.

Kuku ndiye anayenitia wasiwasi kuliko ng'ombe, maana tikka nyingi za mjini zimelowekwa kwenye mtindi. Wewe fuata wa pwani. Kuku wa kupaka hana maziwa, hana yai, hana karanga, na ni chakula cha sherehe hasa. Chemsha tui zito la nazi na kitunguu saumu, tangawizi, manjano, nyanya iliyosagwa na chumvi, likoroge mpaka libaki zito la kushika kijiko, kisha kamulia ndimu. Kuku mchome nusu kwanza kwa chumvi na ndimu tu, halafu mpake tui, mgeuze, mpake tena, mpaka ngozi ianze kushika rangi ya kahawia na tui lianze kukauka kingoni. Pilipili watengee wakubwa kwenye bakuli lao. Nazi yenyewe mara chache huleta mzio, na wengi wenye mzio wa karanga au korosho huila bila shida. Lakini kama mwanao hajawahi kuila, isiwe siku ya sherehe ndiyo anaijaribu.

Utaulizwa pia: mtoto asiyekula mayai anaruhusiwaje kuku? Na asiyekunywa maziwa anakulaje ng'ombe? Wengi wao hula bila tatizo, ingawa wachache hudhurika. Kama wako wamekuwa wakila nyama hizo nyumbani siku zote, endelea.

Soseji ningeziacha kabisa. Najua watoto wanazililia. Lakini soseji ni nyama iliyochanganywa, na ndani yake mara nyingi kuna unga wa ngano, soya, na wakati mwingine unga wa maziwa. Zenye pakiti unaweza kusoma viambato, tena usome kila unaponunua, maana viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kupiga mbiu. Zile za buchani zisizo na karatasi yoyote huna cha kusoma. Badala yake tengeneza kababu za kwenye kijiti: nyama ya kusaga uliyoisagisha mwenyewe buchani, vitunguu maji vilivyokatwa vidogo na kukamuliwa maji, kotimiri, chumvi, na kiazi mviringo kilichochemshwa na kupondwa. Kiazi ndicho kinashika nyama mahali pa yai na chenga za mkate. Ziweke kwenye friji saa nzima kabla ya kuchoma, la sivyo zitadondokea kwenye mkaa na watoto watakucheka.

Vya kusindikizia wala usihangaike na chipsi. Mahindi ya kuchoma yapakwe ndimu na chumvi. Mihogo ya kuchoma kama ile ya Coco Beach. Ndizi mzuzu zilizoiva vizuri, zichomwe na maganda yake mpaka yawe meusi. Viazi vitamu vifukiwe kwenye jivu la moto pembeni. Kachumbari iwe ya nyanya, kitunguu, tango na ndimu. Ile saladi ya kabichi na mayonezi ni mayai matupu, haina nafasi. Kama unataka mkate, kumbuka skonzi nyingi hupakwa yai juu ili zing'ae, na unga wake hukandwa kwa maziwa. Chapati za kusukuma za nyumbani, zilizokandwa kwa maji na mafuta tu, zinakutosha.

Tomato sosi ya kawaida kwa watoto wako wawili huwa haina neno, soma tu lebo. Ninaandikia na wengine pia, kwa hiyo niseme haraka: soya sosi nyingi zina ngano pamoja na soya, sosi ya Worcestershire ya asili ina samaki ndani, na pilipili za mafuta za chupa, hasa za Asia, nyingine zina karanga au ufuta. Wenye watoto wa mizio hiyo wakae chonjo. Kama kuna mtoto mwenye mzio wa samaki au kamba, visichomwe siku hiyo hata kwenye jiko la jirani: wapo wanaobanwa kifua kwa ule mvuke tu.

Keki? Ipo, na haihitaji yai wala siagi. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao vijiko vikubwa vitatu, magadi ya kupikia (baking soda) kijiko kidogo kimoja, chumvi nusu kijiko kidogo. Changanya, kisha tia mafuta theluthi moja ya kikombe, siki kijiko kikubwa kimoja na maji kikombe kimoja. Ikoroge haraka na uipeleke kwenye oveni ya nyuzi 180 mara moja, kwa dakika kama 30 hadi 35. Siki ikikutana na magadi ndiyo inaumua keki, kwa hiyo usiiache mezani ukaenda kupokea wageni. Kwa watoto ishirini pika mbili. Soma lebo ya kakao uhakikishe ni kakao tupu, si ile ya kinywaji iliyochanganywa na maziwa. Aiskrimu ziache, fanya barafu za ubuyu, za ukwaju au za embe kwenye vimfuko, ugandishe usiku wake. Sijawahi kuona mtoto wa Dar aliyezikataa.

Mpaka hapo jikoni umemaliza, na sasa nije kwenye yale ninayoyahofia kweli. Katika shughuli kama hizi mtoto mara chache hudhurika kwa alichopika mama yake. Hudhurika kwa wavu, mikono na mifuko ya wageni.

Wavu kwanza. Kama jiko ni la kuazima au mnamkodi mchomaji na pipa lake, jua wavu huo umeshachoma vitu usivyovijua. Watu husema moto unaua kila kitu. Moto unaua vijidudu. Protini ya karanga haifi kwa joto la jiko, na kwa karanga kukaanga huzidisha ukali wake kwa mwenye mzio. Kwa hiyo usiseme "tutauacha wavu upate moto utajisafisha". Usuguliwe kwa brashi ya chuma, maji moto na sabuni mpaka yale masizi yanayonata yatoke, na siku yenyewe tandika foili. Brashi ya kupakia mafuta iwe mpya. Kibanio, visu na ubao wa kukatia nyama vitoke jikoni kwako, maana ule ubao wa mchomaji una mifereji iliyobeba mabaki ya wiki nzima. Nenda Forodhani pale Zanzibar jioni moja uangalie: pweza, kuku na ng'ombe wanapishana juu ya wavu mmoja na kugeuzwa kwa mkono mmoja. Kwa sisi wengine ni raha, kwa mtoto wa mzio ni mtego.

Pili, wakubwa. Baba na marafiki zake watakaa chini ya mwembe na vinywaji, na mmoja atatoa mfukoni karanga za kwenye karatasi au korosho. Anazimenya, anapuliza yale maganda mekundu, yanapeperuka mpaka kwenye meza ya matunda. Kisha mtoto anapita, anaitwa, "njoo mjomba nikusalimie," anashikwa mashavu. Mashavu yakitoka vipele ni afadhali; vidole vikiishia mdomoni ni jambo jingine. Kwa hiyo sheria ya karanga ni ya uani pote, na mwenye kuitangaza awe mumeo, kwa sababu rafiki zake watamsikiliza yeye. Korosho si jamii moja na karanga, na huenda mwanao anazila vizuri, lakini nyingi hukaangwa na kufungwa mahali pamoja na karanga. Siku hiyo zisiwepo zote.

Tatu, wageni wenye mapenzi mema. Hakuna Mswahili anayekuja kwenye shughuli mikono mitupu. Shangazi ataleta maandazi, jirani ataleta kashata, mwalimu ataleta pakiti ya biskuti. Usiwazuie kuleta, waelekeze. Tuma ujumbe mapema kwenye simu, mfupi, usio na maelezo ya kitaalamu:

"Karibuni sana Jumapili saa nane. Mtoto wetu akila karanga au mayai hata kidogo anabanwa pumzi, na binamu yake hivyo hivyo kwa maziwa. Chakula kipo cha kutosha. Mwenye kupenda kuja na kitu atuletee matunda mazima, maji au soda. Tafadhali msimpe mtoto chochote kutoka kwenye mfuko."

Utaona nimeandika "anabanwa pumzi". Ukiandika tu "ana aleji", nusu ya watu watafikiria vipele na kupiga chafya.

Getini weka ndoo ya bomba, sabuni na taulo za karatasi. Kila anayeingia ananawa, na kila anayemaliza kula ananawa tena. Iwe sabuni na maji. Zile dawa za kupaka mikononi zenye spiriti huua vijidudu lakini haziondoi mabaki ya karanga kwenye ngozi, zinayasambaza tu.

Hapo getini ndipo ningemweka mama mkwe. Sikutanii. Bibi akisimamia kunawa, hakuna mtoto wala mjomba atakayepita bila kunawa, na yeye mwenyewe atakuwa ameingia kwenye kazi ya kumlinda mjukuu badala ya kubishana nayo. Kuhusu hoja yake ya kuonjeshwa kidogo kidogo, usimjibu kwamba amekosea kila kitu, kwa sababu kuna sehemu ameipatia. Utafiti mkubwa uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015, uitwao LEAP, uliwafuata watoto wachanga 640 waliokuwa hatarini kupata mzio wa karanga, na ukaonyesha kwamba kuanza kuwalisha vyakula vya karanga tangu uchanga kulipunguza sana idadi ya waliopata mzio huo. Ila wale walikuwa na umri wa miezi minne hadi kumi, na waliokuwa wameshaonyesha dalili kubwa kwenye kipimo cha ngozi hawakuingizwa. Ilikuwa ni kuzuia mzio usianze. Mjukuu wake ameshabanwa kifua. Kumzoesha mtoto wa namna hiyo kupo, ila hufanyika chini ya daktari bingwa, kwa vipimo vya miligramu, huku adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu mzio ukimzidia, iko mezani. Haifanyiki kwa kipande cha kashata nyuma ya nyumba. Mwambie hivyo kwa heshima, "Mama, daktari amesema hilo lifanyikie hospitali," na umwachie daktari lawama.

Naomba sasa usome kwa makini, wewe na baba yake. Shambulio la mzio likitokea, halitangoji. Dalili huanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili baada ya kula. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu, hauonekani vizuri; tafuta mabonge yaliyoinuka kama ya kuumwa na siafu, midomo na kope kuvimba, mtoto kujikuna viganja. Hayo peke yake unaweza kumpa dawa ya mzio aliyoandikiwa na kumkalia macho. Lakini akianza kukohoa mfululizo, kifua kutoa mlio wa filimbi, sauti kukwama, kutapika tena na tena, kulegea au kusinzia ghafla, dawa hiyo ya vidonge au ya maji haitoshi tena. Inapunguza muwasho, haifungui pumzi wala kuinua presha iliyoshuka. Inayofanya kazi hiyo ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, upande wa nje.

Kwa historia ya mwanao, ningekuwa wewe ningemwona daktari wa watoto kabla ya sherehe na kumuuliza waziwazi: je, aandikiwe adrenalini ya kukaa nyumbani, kiasi gani kwa uzito wake, na tufundishwe kuichoma? Zile kalamu zake, yaani sindano zilizokwisha kujazwa dawa, hazipatikani kila duka la dawa kwetu na bei yake si ndogo. Adrenalini ya kichupa yenyewe si dawa ya ajabu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuitumia nyumbani kunahitaji mafunzo. Kama hamtakuwa nayo, basi wiki hiyo nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi zaidi muulize mambo matatu: Jumapili mchana mnafungua? Mna adrenalini? Mna oksijeni? Msisubiri kuyauliza mkiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro na mtoto mapajani. Gari moja liwe na mafuta na limeegeshwa linatazama nje, na mwenye kuliendesha asinywe pombe siku hiyo.

Mtoto aliyepatwa na shambulio alazwe, miguu iinuliwe; kama pumzi ndiyo inayomsumbua, aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa kwenda garini, abebwe. Mkimchoma adrenalini na baada ya dakika tano hakuna nafuu, hurudiwa kama daktari alivyoelekeza, na hata akichangamka apelekwe hospitali, kwa sababu hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Na tafadhali, asipewe maziwa. Najua kwetu mtu akila kibaya cha kwanza ni kikombe cha maziwa "yaue sumu". Hii si sumu, maziwa hayafanyi chochote, na akiwa ni yule wa mdogo wako ndiyo mnammaliza. Asitiwe kidole kooni atapike pia.

Nimebakiza jambo moja ambalo hukuuliza, lakini litakuja: baada ya sherehe hii mtaalikwa na ninyi, na safari hii si uani kwenu bali kwenye baa ya nyama choma. Pale huna mamlaka juu ya wavu. Zungumza na mchomaji mwenyewe, si mhudumu, tena mapema kabla pilika hazijaanza. Agiza paja au mbavu za mbuzi, chumvi tu, zisiguswe na sosi wala viungo vya pakiti, zichomwe ndani ya foili uliyokwenda nayo, na ziletwe nzima bila kukatwakatwa. Utazikata mwenyewe kwa kisu chako kwenye sahani yako. Ugali agiza, ndizi za kuchoma agiza. Mchicha uulize, maana wengi huutia karanga za kusaga na ukishapikwa huzioni; kisamvu hivyo hivyo. Chipsi ziruke, mafuta yake ndiyo yanayokaangia kila kitu, na kikaango cha pembeni ndicho cha chipsi mayai. Juisi ya parachichi huongezwa maziwa mara nyingi, na mashine inayosaga hiyo ndiyo inayosaga ya embe, kwa hiyo binamu yake apewe soda au maji ya chupa. Mchomaji akikujibu "hamna shida mama, zote ni safi" bila kukuuliza swali hata moja, hajakuelewa. Mweleze tena, au umlishe mtoto kabla hamjatoka.